Deni la Mbuguni

Baba alichora ramani nyuma ya kalenda ya ushirika,
kwa penseli, mkono ukitetemeka:
Moshono, Mlangarini, Nduruma, Mbuguni, Shambarai,
halafu duara jeusi lisilo na jina.
"Siku tatu," alisema. "Mbili, kama una njaa."

Tulitoka alfajiri, mimi na Elirehema,
yeye na viatu vya mtumba vinavyobana kama mkopo wa vikoba,
mimi na kandambili ndani ya begi, kwa tahadhari.
Mlima Meru ulibaki nyuma, umejitanda wingu,
na kila tulipogeuka ulikuwa palepale
kama mzazi anayesimama mlangoni mpaka upotee.

Mwaka ule wa mbio, Baba husema, njia ilijaa:
walimu walioacha chaki, wachunga mbuzi,
shemasi mmoja na nyundo ndani ya mfuko wa Biblia,
wote wakiteremkia jiwe la buluu
ambalo wengi wao hawakuwa wameliona.
Hakuna aliyepanda gari. Nauli ilikuwa bei ya sururu.

"Mkifika kwenye mgunga uliopigwa radi, shikeni kushoto."
Mgunga haukuwepo. Palikuwa na mnara wa simu.
Tukashika kushoto.

Usiku wa kwanza, Nduruma, kwenye stoo ya vitunguu,
Elirehema akitumbua malengelenge kwa mwiba,
nikakumbuka shuka za Mama.
Baba alirudi kila Krismasi aking'aa,
kinywe kimemwingia hadi kwenye mikunjo ya masikio,
mtu wa fedha, tulidhani, mtu wa fedha kweli,
mpaka maji ya beseni yalipogeuka lami
akabaki mwembamba, wa rangi yetu,
na nusu debe la mahindi ya kuazima.

Siku ya pili jua lilitupiga bila kuuliza majina.
Vumbi la Mbuguni hupanda kabla hujakanyaga.
Mashamba ya nyanya, pampu ikikohoa mferejini,
na kibanda cha bati ambako mama mmoja
alitupakulia makande, kisha akamtazama kaka yangu
kuanzia paji hadi kidevu.
"Wewe ni wa Nanyaro."
Hakuwa anauliza. Aliingia ndani
akatoka na daftari la shule lililoliwa na mende pembeni.

Nanyaro, makande, sahani 1.
Nanyaro, makande, sahani 1, na chai.
Nanyaro na mwenzake.
Nanyaro na mwenzake.
Nanyaro na mwenzake.
Nanyaro.

Nilihesabu noti. Alinirudishia baadhi.
"Za mwenzake nilishasamehe."
Aliitwa nani?
"Walimwita Sekunde. Kamba ikishushwa, wa kwanza yeye.
Halafu mvua ya mwaka ule ikaingia mashimoni."
Akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Baba ametuambia bei. Ametuambia uzito,
madalali wa mjini na tochi zao ndogo,
namna jiwe linavyogeuka zambarau ukilizungusha.
Sekunde, kamwe.

Hatukusemezana hadi Shambarai.
Punda walipita na madumu matupu, wakarudi nayo yamejaa,
sisi bado tukitafuta kivuli kinachotosha watu wawili.
Siku ya tatu, saa nane, njia ikawa nyembamba,
ikawa kama kamba, ikagonga ukuta.
Ukuta wa kweli, wa zege, mrefu kupita macho.
Njia yenyewe haikusimama, ilipita chini yake
kama mwenye nyumba.

"Mna kibali?" askari aliuliza.
"Hatuna."
"Mnatafuta nini, basi?"
Elirehema alitazama viatu vyake.
"Tulikuwa tunatembea tu."
Askari alicheka, akatupa maji.

Nikampigia Baba.
"Mmefika? Kuna nini?"
"Kuna ukuta."
"Aa."
"Tulikula Mbuguni," nikasema. "Tumelipa."
Upepo uliingia kwenye simu, au pumzi yake.
Nikadhani salio limekwisha.
Halafu, taratibu, kama mtu anayeshuka
akipapasa ukingo kwa mguu:
"Na ya Sekunde?"